Utomvu wa Mpaini: Mali na Moto



Asafiriye kwa gari kutoka Makambako kwenda Njombe huipita mipaini kilima baada ya kilima. Baadhi yetu tufanyao kazi mijini tunazo ekari moja au mbili huko, tulizozipanda kwa ajili ya karo za watoto na uzee wetu. Tumezoea kuhesabu mbao na nguzo tu. Leo hebu tuutazame utomvu uliomo ndani ya miti hiyo.

Ajuaye kugema ulanzi hatapata taabu kuielewa kazi hii. Gome la mti uliokomaa huchanjwa, mfuko au kikombe hufungwa chini ya chanjo, na utomvu hudondoka polepole. Katika shamba la Sao Hill, wilayani Mufindi, kaskazini ya Makambako, kazi hiyo imekwisha kuanza miaka ya karibuni. Kiwandani utomvu huchemshwa. Mvuke wake ukipozwa huwa tapentaini, ile ya kuzimulia rangi. Kinachosalia ni ulimbo mgumu wa rangi ya asali, uvunjikao kama kioo. Huo huingia katika sabuni, gundi, wino, karatasi na hata fataki.

Naam, fataki. Rangi tuzionazo angani huletwa na chumvi za madini: strontiamu hutoa nyekundu, bariamu hutoa kijani. Ulimbo uliosagwa huwa kuni ya kuchochea moto huo, tena huushikamanisha unga usimwagike. Ulimbo wa mpaini hutoa moshi mwingi na mwanga wa manjano unaofifisha rangi nyingine. Ndiyo maana mafundi aghalabu huchagua ulimbo utokanao na wadudu wadogo wa India na Thailand.

Hapa ndipo wazazi tunapopaswa kutega masikio. Kijana mdadisi aliyekwenda kwa babu yake likizo ya Juni, wakati nyasi zimekauka, akisikia kwamba utomvu ni kiungo cha fataki, atatamani kujaribu. Fataki ya kujitengenezea haina kipimo. Huweza kumlipukia mkononi na kumpofusha. Utengenezaji wa baruti bila leseni ni kosa la jinai. Tena kila mama wa Njombe anajua jinsi kijiti cha mpaini chenye utomvu kinavyowashika moto upesi jikoni. Hebu fikiri cheche moja ndani ya shamba zima! Miti ya miaka 15 huteketea kwa alasiri moja, pamoja na ya jirani asiye na hatia.

Tusimkaripie kijana kwa udadisi wake. Tumweleze ukweli huu, na tumwelekeze kwa mwalimu wake wa kemia. Endapo utomvu wa moto utamnatia mtu mwilini, msiubandue. Mwagieni maji safi ya baridi yatiririkayo kwa dakika 20, kisha mpelekeni kituo cha afya.

Kwa mwenye shamba, nina neno jingine. Katika karne ya 19 sandarusi ya pwani yetu ilichimbwa ardhini, ikapelekwa Unguja, na kutoka huko ikavuka bahari hadi Salem, Marekani, kuwa vanishi. Mchimbaji aliuza donge. Faida kubwa ilibaki kwa wengine. Basi akija mtu kutaka kugema mipaini yako, usikubali kwa maneno matupu. Andikianeni mkataba: bei kwa kilo, nani atakayepima, na muda wa kugema. Miti michanga isiguswe, kwa kuwa chanjo huharibu sehemu ya chini ya gogo, ambayo ndiyo yenye mbao nzuri. Muulize kwanza afisa misitu wa halmashauri yako.

Utomvu ukigemwa kwa utaratibu utakulipia karo kabla ya shoka kufika shinani. Ukiachwa uwe mchezo wa watoto, utakuachia majivu.

Tukutane Jumapili ijayo.