Mchoro wa sayansi uchorwe, usikopwe

Ruiru ni mji uliotoa jina lake kwa kahawa. Aina ya Ruiru 11, iliyozalishwa katika kituo cha utafiti cha hapo na kutolewa kwa wakulima mwaka 1985, ilikusudiwa kuhimili ugonjwa wa chulebuni, ambao ulionekana kwa mara ya kwanza humu nchini mwaka 1922. Hata hivyo, nimeona darasani, si mbali na mashamba hayo, mwalimu akifunza sehemu za tunda kwa picha ya tofaa iliyotolewa katika intaneti, nusu ya maandishi yake ikiwa imekatwa. Wanafunzi waliinakili kama ilivyo.

Sisemi kwamba mwalimu huyo ni mvivu. Ninalosema ni kwamba chombo cha kuchorea alikuwa nacho mbele yake, wala hakuna aliyemwambia. Tangu mwaka 2016, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja, katikati ya Ruiru na Thika, kilikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kupeleka vishikwambi katika shule za msingi. Tarakilishi nazo si kitu kigeni tena katika shule zetu nyingi. Programu ya slaidi, iwe PowerPoint au Impress isiyotozwa hata senti, twaijua sote. Lakini aghalabu twaigeuza kuwa ubao wa kubandikia maneno, na zile zana za kuchorea zilizomo hatuzigusi.

Hebu tulichukue hilo tunda la kahawa. Likate kwa wembe, uliweke juu ya karatasi nyeupe pamoja na rula, kisha ulipige picha kwa simu. Tia picha hiyo kwenye slaidi, na juu yake fuatisha kingo kwa zana ya mstari wa mkunjo: ganda la nje, nyama tamu, ganda gumu la ndani, utando mwembamba, na punje mbili zilizotazamana kwa bapa zao. Mstari ukienda kombo, hariri nukta zake mpaka utii. Umbo moja laweza kutolewa ndani ya jingine, na yote yakaunganishwa kuwa kundi moja. Mwishoni futa picha, ubaki na mchoro. Tofauti na picha ya kupakuliwa, ambayo ikikuzwa hugeuka miraba miraba, mistari hii hubaki mikali hata ukutani. Nayo majina ya sehemu yaweza kuandikwa kwa Kiswahili leo na kwa Kiingereza kesho.

Kuna jambo moja ambalo hata vitabu vizuri hulipuuza, nalo ni kipimo. Tunda lenye urefu wa milimita 15 likichorwa kwa milimita 75 limekuzwa mara 5. Ukiandika "×5" kisha projekta iutandaze mchoro ukutani hadi mita moja na nusu, umeandika uongo, maana sasa ni mara 100. Dawa yake ni kuchora kijistari cha kipimo, tuseme cha milimita 5, kwa kuifuata ile rula iliyo pichani, na kukiunganisha na mchoro katika kundi moja. Mchoro ukikua nacho hukua, na ukweli hausongi. Mwanafunzi aliyekifanyia hesabu kijistari hicho kwa mkono wake hatababaishwa na swali la ukuzaji.

Zana hizi zina vishawishi vyake. Kivuli, mng'ao na rangi za upinde wa mvua hazina kazi hapa. Tena, tarakilishi hupenda duara kamili, ilhali tunda la shambani halina duara hilo. Anayenakili nusu moja na kuigeuza ili apate ya pili amekwisha kuacha kutazama. Ubaya huo huo, na zaidi, umo katika programu za siku hizi zinazobuni picha kwa kuamrishwa tu: huweza kukupa tunda la kupendeza ambalo halikuota popote, na bado ukalipachika majina.

Najua nitaambiwa kwamba chumba cha mtihani kinadai penseli iliyochongwa. Ni kweli, na penseli isitupwe. Lakini masharti ya mtahini ni mstari mmoja usiokatika, pasipo kutia kivuli, na mistari ya majina isiyopishana. Masharti hayo hayo ndiyo ya slaidi. Afadhali mwanafunzi achore kwanza kwa penseli akilitazama tunda, kisha asahihishe kwenye tarakilishi, mahali ambapo kosa halichafui karatasi.

Linalonikera zaidi ni kwamba mashamba yenyewe yanatoweka. Tatu City imesimama juu ya ardhi iliyokuwa ya kahawa, na tukielekea Thika majumba yanazidi kuchipuka palipokuwa na mibuni. Mtoto wa leo apita kando ya mmea huo akienda shule, na huenda wanawe wasiuone. Msimu mkuu wa kuchuma katika eneo hili huanza mnamo Oktoba. Mwalimu akiomba ruhusa kwa mwenye shamba wakati huo, atapata matunda mabichi na mabivu kwenye tawi moja, na pengine lenye madoa meusi yaliyobonyea. Achukue la kila namna, na rula asiisahau.