Mafuta ya Ng'ombe Yasiyofika Mnadani

Mfanyabiashara anayenunua ng'ombe waliokonda Shinyanga, akawanenepesha kwa mashudu ya pamba kwa miezi mitatu na kuwapeleka mnada wa Pugu, Dar es Salaam, hupiga hesabu ya bei ya kununulia, chakula na lori. Kitu kimoja huwa hakimo daftarini mwake, nacho ni homoni.

Mashudu na majani huchachuka tumboni mwa ng'ombe na kutoa asidi, na kutokana na asidi hizo mwili hutengeneza mafuta. Ng'ombe anaposhiba, homoni ya insulini huyaweka mafuta hayo akiba. Anaposhinda na njaa au kuingiwa na hofu, insulini hushuka, adrenalini hupanda, na akiba huanza kutumika.

Kutoka Shinyanga hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000. Ni kweli kwamba uzito unaopotea siku ya kwanza ni zaidi wa kinyesi na mkojo. Lakini safari ikichukua siku nyingi bila maji wala malisho, kinacholiwa ni mwili wenyewe, yaani mashudu yaliyokwisha kulipiwa. Misukosuko pia humaliza sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli, na nyama hufika buchani ikiwa nyeusi na kavu. Wateja huikwepa.

Hasara ya pili huanzia zizini. Kilo moja ya mafuta hugharimu chakula mara kadhaa kuliko kilo ya nyama tupu, kwa kuwa karibu robo tatu ya nyama hiyo ni maji. Maksai, aliyekosa homoni za dume, hujaza mafuta mapema zaidi. Kumlisha maksai aliyekwisha nona ni kutupa mtaji.

Katika minada mingi ng'ombe bado hukadiriwa kwa macho. Kwa utaratibu huo mwenye mali hawezi kujua amepoteza kilo ngapi njiani, na anayewapumzisha ng'ombe wake halipwi zaidi ya asiyefanya hivyo. Wanenepeshaji wadai kuuza kwa kilo, na ng'ombe wapimwe wakati wa kupakiwa na tena mnadani. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo itakayoonyesha kama siku moja ya maji na majani kabla ya kuuza inarudisha gharama yake.