Ekzosi imetobolewa, pikipiki inalala sebuleni

Kila msimu wa korosho, kati ya Oktoba na Desemba, fedha za mnada zikishaingia kwenye akaunti za wakulima, barabara za Masasi na Newala hubadilika sauti. Pikipiki mpya zinaonekana kila kona, na baada ya wiki mbili baadhi yake zimeshapita kwa fundi. Ekzosi inakatwa kwa grainda, vitu vya ndani vinatolewa, inachomelewa upya. Anayeendesha anasema sasa chombo kina nguvu. Jirani mwenye mtoto mchanga ana maneno mengine.

Msomaji wangu, najua kero ya kelele umeshaizungumza sana. Leo nataka tuzungumze kwanza kuhusu kile usichokisikia.

Katika pikipiki nyingi za bodaboda, kinachotolewa ni vibati vinavyopunguza mlio. Lakini kwenye pikipiki kubwa za mbio, na kwenye baadhi ya pikipiki mpya ndogo, ndani ya bomba kuna kifaa kingine kinachoitwa kataliti konveta. Kimekaa kama sega la nyuki, kina vitundu vingi vyembamba vilivyopakwa madini ya thamani kama platinamu, paladi na rodi. Moshi ukipita humo ukiwa na joto la kutosha, kaboni monoksaidi, ambayo ni sumu, hugeuzwa kuwa kaboni dayoksaidi. Mvuke wa petroli ambao haukuungua, ukiwemo benzini inayosababisha saratani ya damu, nao hupunguzwa sana. Kwa miaka mingi kifaa hiki kisingedumu kwetu, kwa kuwa petroli ilikuwa na madini ya risasi yanayokiharibu. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli hiyo, na kufikia Januari 2006 zilikuwa zimeiacha. Hatua hiyo iliokoa akili za watoto wengi, na ikafungua njia kwa vyombo vyenye moshi safi zaidi. Sasa tunavikata uani kwa grainda.

Na nguvu inayosifiwa? Kwa pikipiki ya mbio inayokimbia kwa mzunguko mkubwa wa injini, huenda ikaongezeka kidogo. Kwa pikipiki inayopandisha mlima wa Newala ikiwa na abiria wawili na gunia, mara nyingi haiongezeki, na wakati mwingine mvuto hupungua, kwa sababu injini na bomba lake vilipimwa pamoja kiwandani. Sikio ndilo linalodanganywa.

Hatari ninayoiogopa zaidi iko ndani ya nyumba. Kwa hofu ya wezi, wengi wetu tunalaza pikipiki sebuleni au ukumbini. Alfajiri mtu anaiwasha humo humo, anaiacha ipate moto huku akipiga mswaki, mlango umefungwa na watoto wamelala chumba cha pili. Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu. Ikiingia kwenye damu hushikamana na chembe nyekundu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anapumua vizuri kabisa, lakini ubongo na moyo vinakosa oksijeni. Mama mjamzito yuko hatarini zaidi, maana kichanga tumboni hupata sumu hiyo kupitia kwake na huchelewa kuitoa.

Hapa niseme ukweli wote: hata pikipiki ambayo haijaguswa usiiwashe ndani. Kile kifaa hakifanyi kazi kikiwa baridi. Kinahitaji joto la nyuzi zipatazo 250 hadi 300. Kukiondoa maana yake ni kwamba moshi hautasafika hata baada ya injini kupata moto, pale kijiweni ambako dereva anakaa saa kumi kwa siku katikati ya pikipiki nyingine zinazonguruma.

Dalili zake zinafanana mno na malaria au mafua: kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu, kizunguzungu. Mgonjwa anapimwa malaria, kipimo kinasoma hakuna, anapewa dawa ya maumivu na kurudishwa kwenye nyumba ile ile. Hata kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kupima oksijeni huonyesha namba nzuri, kwa kuwa hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii. Kwa hiyo ukifika hospitali, iwe Mkomaindo, Ndanda au Newala, taja mwenyewe kwamba pikipiki, jenereta au jiko la mkaa liliwashwa ndani, na kwamba walioamka na kichwa kinachouma ni zaidi ya mmoja. Tiba ni oksijeni ya kutosha kwa barakoa. Kwa hewa ya kawaida nusu ya sumu hutoka baada ya saa 4 hadi 6. Kwa oksijeni safi muda hushuka hadi kama saa moja na nusu. Maziwa hayasaidii, sumu iko kwenye damu, haiko tumboni.

Kelele nayo ina hesabu yake. Wataalamu wa afya kazini huchukulia desibeli 85 kwa saa 8 kuwa mwisho wa usalama, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Kwenye desibeli 100, kiwango ambacho ekzosi iliyotobolewa inaweza kufika kwa aliye karibu, unabakiwa na dakika 15. Dereva ndiye aliye karibu kuliko wote. Chembe za kusikia zilizokufa ndani ya sikio hazioti tena.

Fundi naye tusimsahau. Kukata na kuchomelea bomba la chuma kisichoshika kutu hutoa moshi wenye kromiamu ya hatari, na Shirika la Utafiti wa Saratani lililo chini ya WHO limeuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la visababishi vya saratani. Kijana anayejifunza kazi hiyo kwa kawaida amevaa miwani ya jua na kandambili.

Sheria ipo. Kanuni za viwango vya kelele na mitetemo zilitungwa mwaka 2015 chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, na tumeisikia NEMC ikizishughulikia baa na nyumba za ibada. Pikipiki hutembea, hivyo huponyoka. Askari barabarani anauliza leseni, bima na helmeti. Sijamwona anayeinama kutazama bomba. Kwa maoni yangu kazi hii ingeanzia kwenye vyama vya bodaboda vyenyewe, vinavyomjua kila mwanachama na fundi wake, kabla mgambo hawajaletwa.

Ikiwa yako imeshakatwa, rudishia ekzosi kamili kabla ya kitu kingine chochote. Na kesho alfajiri, isukume hadi nje ya geti ndipo uiwashe.