Kipanya yenye vifungo vya pembeni: hatukuomba kitu ya kuchezea

Sisi wa sendika tunasikia watu wanacheka. "Badelege beko balomba souris ya michezo kwa bantu ba mugodi!" Wale wanaocheka hawajakaa saa nane mbele ya ordinatere na mukono iliyobaki na vidole vitatu. Tunaandika juu ya hii kipanya kwa sababu inagusa chakula ya nyumba nyingi za Kolwezi, Likasi na Fungurume, na pia kwa sababu tunaona ndugu zetu wanainunua vibaya.

Mfanyakazi akiumia ku shimo ao ku mashine, mara nyingi kompanyi inamuhamisha ku ile wanaita kazi nyepesi: depo ya vipuri, mizani ya malori, biro ya kuandika masaa ya maekipi. Nyepesi kwa nani? Mutu alishika perforatrisi miaka kumi na tano, vidole vilikufa ganzi, leo anaambiwa abonyeze kitu kidogo kama yai toka asubuhi mpaka magaribi. Akikawia, mukubwa anaandika kwamba hawezi kazi. Karatasi ya namna ile ikifika ya tatu, mulango wa kutokea unaanza kufunguka. Njo pale shida iko.

Na hii ganzi si mambo ya kubuni. Mwaka 1918 mganga mmoja mwanamuke, Alice Hamilton, alienda kuangalia wachonga mawe wa Bedford, jimbo la Indiana kule Marekani, waliokuwa wanatumia nyundo za hewa. Alikuta vidole vyao vinakuwa vyeupe na havisikii tena. Kwetu Katanga baridi si kali kama ya kule, isipokuwa asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, kwa hiyo ule weupe hauonekani sana. Lakini ganzi iko. Haitoi damu, njo maana wakubwa hawaioni.

Kipanya ya kawaida inadai kidole cha shahada na cha katikati. Vikikosekana, kazi imekwama. Ile wanaouza kwa ajili ya michezo ina vifungo pembeni, pale kidole gumba kinalala, na vifungo vile vinakubali kufundishwa. Kimoja unakiambia: wewe utafanya kazi ya kifungo cha kushoto. Kingine: wewe utabandika maneno yaliyonakiliwa. Kingine: wewe utaandika jina la depo lote kwa kubonyeza mara moja. Kuna mwenzetu mmoja wa depo, mashine ilimukatia vidole viwili vya mukono wa kuume, gumba lake zima. Tulimupangia namna hii. Juma la kwanza alitukana sana. Juma la pili alinyamaza. Sasa hataki mutu yeyote aguse kipanya yake, hata mukubwa wake.

Mbele ya kutoa feza, mufanye kwanza vitu vya bure. Ndani ya Windows, pale pa kupanga kipanya, munaweza kugeuza kifungo cha kushoto kiwe cha kuume. Tena iko nafasi ya kufunga mubonyezo: unabonyeza kidogo, unaachilia, na ordinatere inaendelea kushika kama vile kidole kingali pale. Kwa mutu mwenye kidole chenye kuchoka, ile peke yake inaweza kutosha. Kama inatosha, musinunue kitu.

Kama haitoshi, muangalie mukono, musiangalie sanduku. Sanduku imejaa uongo wa kupendeza. Inaandika DPI 16000, DPI 25600, mutu anazania ukubwa wa namba njo uzuri. Hiyo namba inaonyesha tu mushale utakimbia namna gani ku ekra. Kwa kazi ya depo, 800 ao 1000 ni nyingi. Ukiiweka juu sana, mushale unaruka kama nzige, na mukono unaotetemeka hauwezi kuushika. Taa za rangi nazo hazisaidii mutu yeyote. Watoto wanazipenda, tunajua. Baba akiiacha ku nyumba siku moja, haitarudi ku kazi.

Vifungo vingapi? Hapa wauzaji wanavuta watu ku ile yenye vifungo kumi na mbili pembeni, kama kalkilatrisi. Razer Naga ni ya namna ile. Ni nzuri kwa mutu mwenye gumba linalosikia vizuri. Lakini vifungo vile ni vidogo na vimebanana, na gumba lenye ganzi halitajua liko ku cha nne ao ku cha saba. Kwa wenzetu wengi tunapendelea viwili ao vitatu, vikubwa, vyenye kuachana. Logitech G502 yenye waya ina vifungo 11 kwa jumla, lakini kwa gumba ni vitatu tu, na vile vitatu njo vinafanya kazi kubwa. Ina pia vyuma vidogo vya kuongeza uzito. Muvitoe vyote, mukono wenye kuuma hauna lazima ya muzigo.

Sasa jambo ambalo hakuna muuzaji atakuambia kama hukuuliza: kuna vipanya vingi vya bei ya chini vyenye vifungo pembeni ambavyo havifundishiki. Vinajua tu kwenda mbele na kurudi nyuma ndani ya intaneti, basi. Muulize kama iko na programu yake. Halafu muulize swali la pili, ambalo kwetu njo la kwanza: yale mapango yanabaki ndani ya kipanya yenyewe, ao yanabaki mu ordinatere? Mu makompanyi, watu wa informatike hawakubali uweke programu ya nje mu mashine yao, na kwa hiyo hatuwalaumu. Kipanya yenye kumbukumbu yake yenyewe inapangwa mu sibercafe ao kwa rafiki mwenye intaneti, kisha unaichomeka ku kazi na inajua yote. Ile G502 inachunga mapango matano. Namna ya kujaribu ni nyepesi: ipangwe ku mashine moja, ichomekwe ku nyingine yenye haina ile programu. Kama imesahau, mwachieni muuzaji kipanya yake.

Muchague yenye waya. Umeme unakatika kila siku, na betri iliyosahauliwa bila kuchajiwa haina huruma na mutu mwenye ripoti ya saa kumi na mbili. (Betri nyingi za namna ile zina kobalti ndani. Sisi tunaichimba, inaenda, inarudi kwetu kwa dola. Tuache, hiyo ni makala ingine.)

Anayetumia mukono wa kushoto ana taabu zaidi, kwa sababu kiwanda kinazania kila mutu ni wa kuume. Razer ilitoa Naga ya mukono wa kushoto mwaka 2020, lakini kuipata ku soko letu ni bahati. Iko njia ingine: kipanya yenye umbo sawa pande zote mbili, yenye vifungo vya kushoto na vya kuume. Musikubali yenye umbo la kuume eti "atazoea". Atazoea kuumwa.

Na musiweke neno la siri mu kifungo. Kila mutu atakayepita pale ataingia kwa jina lako, na vipuri vikipotea, ni wewe utaitwa.

Tuje kwa kompanyi. Bei ya hii kipanya haikaribii hata kidogo bei ya tairi moja ya lori kubwa la mugodi. Tairi ikipasuka, hakuna anayeuliza kama dereva atachanga. Basi mufanyakazi aliyeacha vidole vyake ku kazi, kwa nini aambiwe anunue chombo cha kazi kwa mushahara wake? Tumeiandika mu orodha ya madai yetu, na tutairudilia mu kila mukutano.

Lakini tunawaomba macho mawili. Tumesikia mahali pamoja mukubwa anasema: "Tulishamupatia kipanya, faili yake imekwisha." Hapana. Ajali ya kazi na ugonjwa wa kazi vinatangazwa ku CNSS, na ile tawi ya hatari za kazi inalipiwa na mwajiri, haikatwi ku mushahara wako. Kipanya haiponyeshi mukono. Mutu akipewa karatasi ya kutia sahihi ya kupokea kipanya, aisome mpaka chini, ao mama wa nyumba amusomee, ao mutoto wa shule. Kama kuna neno kwamba amepona, ao kwamba hadai tena, asitie sahihi. Ailete kwa delege.

Siku ya kununua, mwenye mukono aende yeye mwenyewe, asitume mutoto. Aishike, abonyeze kila kifungo mara makumi akiwa amefunga macho, aone kama gumba linakipata. Fakture itoke kwa jina la kompanyi. Siku itakapoharibika, na vumbi la depo litaiharibu mapema, kompanyi njo itatoa ingine.