Kijana Akishateuliwa, Asiharakishwe

Mhariri wa kitabu chetu cha mwaka ameniomba niandike machache juu ya vijana wetu wanaocheza magongo ya barafuni, na hasa juu ya ile miaka miwili mitatu ambapo kijana amekwisha kuwa mkubwa kwa ligi za vijana lakini bado hajakomaa kwa ligi za kulipwa. Nimekubali, kwani jambo hili limetutia katika ubishi majumbani mwetu msimu mzima, na katika ubishi huo nimesikia maneno mengi ya moto na hesabu chache. Rai yangu naitoa mapema ili asiyetaka kusoma mpaka mwisho asisumbuke. Kijana wa miaka 18 apelekwe pale atakapocheza dakika nyingi mbele ya mwalimu mwenye subira, hata kama jina la mahali hapo halina sauti. Na mkataba utiwe saini baada ya masomo yake kuwekewa akiba, si kabla.

Wazee wetu waliyajua magongo ya majanini. Wako wanaokumbuka kwamba Tanzania ilipeleka timu ya magongo katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Mchezo ule ulichezwa jioni na mtu mwenye kazi yake ya mchana, na hakuna aliyemwendea nyumbani kwake na mkataba. Huku Kanada mambo ni mengine, na yafaa tuyaeleze kwa utaratibu, kwa sababu nusu ya ugomvi wetu inatokana na kutojua ngazi zenyewe.

Ziko ligi tatu kubwa za vijana: OHL ya hapa Ontario, WHL ya magharibi, na ile ya Quebec na majimbo ya mashariki. Zote pamoja huitwa CHL. Humo hucheza vijana wa miaka 16 hadi 20, na timu hairuhusiwi kuwa na zaidi ya watatu waliofikia miaka 20. Kila mwaka klabu 32 za NHL hufanya uteuzi wa duru saba, na huteuliwa vijana zaidi ya 200. Hapo ndipo simu zinapolia mpaka Muscat na Mombasa, na halua inapikwa. Lakini kuteuliwa si kuajiriwa. Klabu imepata haki ya kuzungumza na kijana huyo peke yake, basi. Walio wengi katika hao mia mbili na zaidi hawatapata nafasi ya kudumu NHL, na kila mwenye kiti katika viwanja hivi anajua hivyo, isipokuwa sisi jamaa wa kijana.

Sasa tazama pengo lenyewe. Kwa miaka mingi NHL na CHL zilikuwa na makubaliano: kijana aliyetoka CHL akiteuliwa, na asipopata nafasi katika timu ya NHL, lazima arudishwe kwenye timu yake ya vijana mpaka afikie miaka 20 au amalize misimu minne. Hakuruhusiwa kupelekwa AHL, ligi iliyo chini ya NHL moja kwa moja, ambako klabu kubwa huwapika wachezaji wao. Kijana aliyeteuliwa kutoka klabu ya Sweden au Finland hakufungwa na sharti hilo. Wetu alifungwa. Akawa kama mtu mwenye kanzu mbili, moja inambana na ya pili inaburura.

Mwenye kutaka mfano amwangalie Shane Wright. Mwaka 2019 alipewa ruhusa ya nadra ya kuingia OHL kabla ya umri wake, na mwaka 2022 Seattle wakamteua wa nne. Katika msimu mmoja, ule wa 2022 kuingia 2023, alikaa benchi la NHL, akapelekwa AHL kwa siku chache za kujinyoosha, akenda kuwa nahodha wa vijana wa Kanada katika mashindano ya dunia, kisha akarudishwa OHL, na hata huko akahamishwa timu. Msimu uliofuata aliruhusiwa kwa idhini maalumu kucheza AHL akiwa na miaka 19, katika timu ya Coachella Valley. Hapo alitulia, akafunga mabao 22. Sikusudii kusema kwamba AHL ina dawa. Nasema alipata mahali pamoja pa kulala, mwalimu mmoja wa kumsikiliza, na zamu yake barafuni kila usiku wa mchezo.

Waama, sharti lile halikuwa la uonevu mtupu. Miji midogo ya Ontario na ya nyika za magharibi huishi kwa timu zao. Uwanja ukijaa siku ya Ijumaa ni kwa sababu ya yule kijana mmoja ambaye jina lake limetajwa Juni. Ukimwondoa, wenzake ishirini hucheza mbele ya viti vitupu. Hayo nayakubali. Lakini faida ya mji isiitwe malezi ya kijana, kwani ni vitu viwili mbalimbali.

Mwaka 2024, mwezi wa Novemba, vyuo vya Marekani vilivyo chini ya NCAA vilipiga kura kuwaruhusu waliocheza CHL kuingia katika timu za vyuo, kuanzia Agosti 2025, kwa sharti kwamba hawakulipwa zaidi ya gharama zao za lazima. Zamani mchezo mmoja tu wa CHL ulitosha kumfungia kijana mlango huo. Mara baada ya hapo Gavin McKenna, kijana wa Whitehorse aliyekuwa akitazamwa na nchi nzima, aliiacha Medicine Hat akaenda chuo cha Penn State. Mwaka huohuo wa 2025 NHL na chama cha wachezaji waliridhia mkataba mpya, ambao mwanzo wake ni Septemba 2026, na humo umo mpango wa kuipa kila klabu nafasi ya kumpeleka kijana mmoja wa miaka 19 AHL badala ya kumrudisha kwa vijana.

Milango imeongezeka, basi, na kila mlango umepata dalali wake. Msimu uliopita nilikuwapo katika nyumba moja ya jamaa zetu alipokuja wakala, mtu mpole, kavaa vizuri. Alizungumza saa nzima. Kijana mwenyewe, aliyekuwa ameteuliwa katika duru za mwisho, alikaa kimya pembeni ya mama yake. Nilihesabu: neno “ndoto” lilitajwa mara tisa, neno “dakika” halikutajwa hata mara moja.

Na mimi nasema dakika ndiyo hesabu yote. Mchezaji wa barafuni hacheza mfululizo kama mchezaji wa kandanda. Huingia kwa zamu ya chini ya dakika moja, akatoka, akaingia mwingine. Mwenye kutegemewa na mwalimu hupata dakika 20 na zaidi katika mchezo wa dakika 60, na huingizwa pale timu pinzani imepungukiwa na mtu, na pale inapobaki dakika moja bao likitafutwa. Yule wa safu ya nne hupata dakika saba au nane, aghalabu wakati mchezo umekwisha kuamuliwa. Kijana wa miaka 18 aliyezoea kuushika mchezo, ukimweka safu ya nne mwaka mzima, humfundishi kucheza na wakubwa. Unamfundisha kuogopa kukosea.

Leon Draisaitl aliteuliwa wa tatu mwaka 2014 na Edmonton, wakamtia katika timu akiwa bado kijana. Alicheza michezo 37, akafunga mabao mawili tu. Wakamrudisha kwa vijana, Kelowna, na magazeti yakaandika kama kwamba ameanguka. Huko alicheza kila zamu iliyo muhimu, na katika fainali za Memorial Cup za 2015 alitajwa mchezaji bora ingawa timu yake ilishindwa. Mwaka 2020 alikuwa mchezaji bora wa NHL nzima. Kurudi nyuma miezi mitano kulimpunguzia nini?

Lakini mfano unaotuhusu zaidi sisi watu wa kuhamia ni P.K. Subban. Baba yake alitoka Jamaica, mama yake Montserrat. Baba alikuwa mwalimu mkuu wa shule hapa Toronto, na alikuwa akimchukua mtoto usiku, baada ya kazi, kwenda kuteleza Nathan Phillips Square, pale mbele ya Jumba la Jiji, ambako hakuna kiingilio. OHL walimchukua katika duru ya sita, maana yake hakuna aliyekuwa akimgombania. Montreal walimteua wa 43 mwaka 2007. Wangapi miongoni mwetu wangetaka aingie Montreal Oktoba ileile? Alibaki Belleville misimu miwili zaidi. Kisha akacheza msimu mmoja Hamilton katika AHL, mwendo wa saa moja kutoka hapa, mbele ya watu wachache, akifanya makosa ya beki kijana na kusahihishwa. Mwaka 2013 alipewa tuzo ya beki bora wa NHL. Tangu siku ya kuteuliwa mpaka siku ya kuingia Montreal ilipita karibu miaka mitatu, na sikupata kusoma popote kwamba baba yake alipigia kelele mtu yeyote.

Wanaonipinga wana hoja, na si ya kipuuzi. Wanasema maisha ya mchezaji ni mafupi, goti moja likivunjika yamekwisha, basi achukue fedha sasa. Ni kweli kwamba goti huvunjika. Lakini tuangalie ni fedha gani. Kijana wa duru za mwisho akitia saini mkataba wa kwanza wa miaka mitatu, hapewi mshahara wa NHL kwa kuwa jina lake limeandikwa. Akipelekwa AHL hulipwa kima cha AHL, na akishuka tena mpaka ECHL, ngazi ya tatu, hulipwa kidogo zaidi, naye analala ndani ya basi. Goti lile likivunjika huko, ana nini mkononi?

Hapo ndipo linapokuja suala la masomo, ambalo kina mama wameliona kabla yetu sisi wanaume. Ligi za CHL humwekea mchezaji ada ya chuo, takriban mwaka mmoja wa masomo kwa kila msimu aliocheza. Aliyecheza misimu minne ana miaka minne ya chuo iliyokwisha kulipiwa kwa jasho lake. Lakini akiba hiyo ina masharti na muda wake, na saini ya mkataba wa wakubwa yaweza kuikata. Kadhalika ile kanuni mpya ya vyuo ya 2024 haikumfungulia mlango aliyekwisha tia saini NHL. Kwa hiyo saini moja, siku moja, yaweza kumwondolea kijana njia mbili za shule kwa pamoja. Karatasi za masharti zisomwe, na asizisome wakala. Wako mawakili miongoni mwetu, na watoto wao tumewalea sote.

Chuo nacho kina sura yake. Timu za vyuo hucheza michezo kama 35 au 40 kwa mwaka, sana Ijumaa na Jumamosi, na siku nyingine ni za mazoezi na za kujenga mwili. OHL ni michezo 68, na mabasi. Kijana mwembamba anayehitaji kunenepa mabega, chuo chamfaa. Aliyekwisha kujengeka na anahitaji michezo mingi, yamkini asipate huko kinachomtosha. Siwezi kumkatia shauri kila mtu, na simwamini anayeweza.

Liko jambo jingine ambalo halimo katika hesabu za klabu. Vijana hawa huondoka nyumbani wakiwa na miaka 16, wakaishi na familia za wenyeji katika miji ambayo hatuna jamaa. Nimemjua mmoja aliyefuturu peke yake mwezi mzima, jikoni kwa watu wema waliomwekea sahani na kumwachia taa. Kufika miaka 18 amekwisha choka kwa namna ambayo watafuta vipaji hawaipimi. Kwake yeye mwaka mmoja zaidi mahali alipokwisha kupazoea, anapojulikana kwa jina na chakula chake kinajulikana, si mwaka uliopotea.

Nasikia Kamati inafikiria kuendeleza mchango wa vijana wa michezo. Mimi nitatoa langu, lakini ningependa sehemu ya fedha hizo ilipie wakili wa kusoma mikataba kabla ya kulipia safari za kwenda kushangilia. Na wakala atakapokuja nyumbani, aulizwe hivi: msimu uliopita, kijana wa umri huu katika timu hiyo alicheza dakika ngapi kwa mchezo, na aliingizwa wakati gani? Akijibu kwa kuzitaja dakika, asikilizwe. Akijibu kwa kutaja majina ya wachezaji mashuhuri, apewe chai, ashukuriwe kwa kuja, na aambiwe tutampigia simu.