KIBALI CHA KAMERA: WANALINDA USALAMA WETU AU AIBU ZAO?

Na Mwandishi wa Kujitegemea, Kibaoni

KUNA swali moja ambalo kila kijana aliyewahi kuinua kamera katika jiji la Dar es Salaam amelisikia. Hutoka kwa askari, kwa mgambo, kwa mlinzi wa jengo, na siku nyingine hata kwa mpiga debe asiye na cheo chochote: "Una kibali?"

Swali la pili, ambalo lingekuwa la kiungwana zaidi, halisikiki: "Mko salama hapo?" Hakuna anayejali kama waya wako umekatiza njia ya wapita kwa miguu, kama kijana wako wa taa amesimama juu ya ukuta unaoyumba, au kama mshikaji anayekimbiza bodaboda mbele ya kamera ana kofia ngumu. Wanachotaka ni karatasi. Na kama karatasi huna, basi toa "hela ya maji" na biashara iishie hapo.

Ndugu msomaji, ukiona mtu anakuuliza karatasi wakati unakaribia kuvunjika shingo, ujue usalama anaoulinda si wako. Ndiyo hoja yangu leo. Taratibu zetu za kupiga picha za video mijini hazikutungwa kumlinda mpiga picha wala mpita njia. Zilitungwa na watu wanaoiogopa kamera.

SHERIA YA ENZI ZA CHAMA KIMOJA

Msingi wa mambo yote haya ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya mwaka 1976. Mwaka huo TANU na Afro-Shirazi vilikuwa bado havijaungana kuizaa CCM. Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, na vya kwanza vilikuja 1994. Kamera ya filamu ilikuwa mali ya Serikali au ya mzungu.

Sheria hiyo ikasema: hutengenezi filamu ya kuonyesha au kuuza bila kibali, na unapoomba kibali unapeleka maelezo ya matukio yote na maneno yote yatakayosemwa. Yaani kabla hujamwambia mwigizaji afumbue mdomo, bwana mkubwa ofisini ameshasoma atakachosema!

Leo kila kijana kijiweni ana kamera mfukoni. Anashuti harusi Jumamosi, wimbo wa rafiki yake Jumapili, na Jumatatu anaweka mtandaoni kichekesho cha dakika tatu. Lakini mlango wa kwanza anaotakiwa kuugonga ni uleule wa 1976, Bodi ya Filamu, mkononi ana andiko na ada. Sheria imekaa palepale kama kisiki, dunia inapita pembeni yake.

Mtu atasema, "Mbona imefanyiwa marekebisho?" Kweli, ilifanyiwa. Juni 2019 Serikali ilipeleka Bungeni kwa hati ya dharura muswada uliogusa sheria kadhaa kwa mkupuo, na hiyo ya filamu ikiwemo. Dharura gani ya filamu? Kulikuwa na moto? Hapana. Marekebisho yale yaliitaka kampuni ya kigeni inayopiga picha hapa nchini iikabidhi Bodi picha zake zote ghafi, itamke maeneo iliyopiga, na iipe Serikali haki ya kuzitumia picha hizo kuitangaza nchi. Hilo ndilo lililokuwa na haraka: wajue umepiga nini, kabla wengine hawajaona.

Na anayeumia si mzungu peke yake. Mgeni akiambiwa aache picha ghafi mezani, anaweza kufunga mizigo akapige mandhari yake nchi ya jirani. Atakayebaki amekunja mikono ni kijana wa Sinza aliyetarajia kibarua cha kubeba taa, dereva wa kukodi, na mama ntilie aliyekuwa awalishe watu thelathini.

WAKITAKA WAO, MILANGO HUFUNGUKA

Usidhani wakubwa hawaijui thamani ya kamera. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alikuwa mtembeza mgeni wa Mmarekani Peter Greenberg katika filamu ya Royal Tour, ikazinduliwa New York Aprili 2022. Mbuga, milima na bahari vikapigwa picha, na tukaambiwa watalii watamiminika. Sawa, sina ugomvi. Lakini kumbe kamera inaleta mkate! Basi kwa nini ikiwa mkononi mwa Rais iitwe uwekezaji, na ikiwa mkononi mwa kijana wa Manzese iitwe tishio?

Mimi mwenyewe yamenikuta. Nilisafiri zaidi ya kilometa elfu moja kutoka huku Katavi kwenda Dar, nikasimama kando ya barabara ya umma nikipiga picha foleni ya magari. Mlinzi wa jengo moja akavuka barabara, akaikamata kamera, akasema nimepiga "sehemu nyeti". Nikamwomba anionyeshe kibao. Hakukuwa na kibao. Nikamwomba anitajie sheria. Akanitajia bei.

Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inakataza kupiga picha katika maeneo yaliyowekewa ulinzi. Hakuna mwenye akili timamu anayedai kuingiza kamera kambi ya jeshi. Lakini kambi ina kibao, na kila mtu anakiona. Tunacholalamikia ni ule "unyeti" usio na kibao, unaotembea mdomoni mwa mlinzi, leo uko benki, kesho stendi, keshokutwa kwenye dimbwi la maji machafu ambalo diwani hataki lionekane. Eneo lililokatazwa bila kutangazwa si la usalama, ni mtego wa kukamulia vijana.

KAMERA IMEWAOKOA HATA WAO

Tukumbushane kidogo. Januari 2016, Nape Nnauye akiwa Waziri wa Habari, alitangaza kuwa TBC itaacha kurusha vikao vya Bunge moja kwa moja, kisa gharama. Wananchi wakanyimwa macho. Machi 17, 2017, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule, Paul Makonda, akaingia usiku kituo cha Clouds akiwa na askari wenye silaha. Tulijuaje? Kamera za ulinzi za jengo zilimwona, na picha zikasambaa nchi nzima. Nape akaunda kamati ya kuchunguza. Machi 23 akatenguliwa uwaziri, na siku hiyohiyo alipotaka kuzungumza na waandishi akatolewa bastola hadharani.

Nani alikuwa upande wake dakika ile? Kamera! Waandishi walipiga picha, na Tanzania yote ikaona mtu anamtolea bastola aliyekuwa waziri hadi jana yake. Aliyetunyima macho ya Bunge alikingwa na macho yaleyale. Wakubwa, mkimnyang'anya kijana kamera leo, kumbukeni kuwa cheo ni koti la kuazima, na siku mtakapovuliwa shahidi wenu atakuwa huyohuyo kijana.

Lakini wapo ambao kamera haikuwaokoa. Septemba 2, 2012, kijijini Nyololo, Iringa, mwandishi wa Channel Ten Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini kwenye shughuli ya CHADEMA. Picha za wenzake zilionyesha askari wamemzunguka. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Mwangosi hakuwa mhuni wa mtaani. Alikuwa mwandishi anayejulikana, Mwenyekiti wa Klabu ya Waandishi wa Habari Iringa. Niambieni sasa, kibali gani kingezuia bomu lile la machozi?

Na ya juzi nani kayasahau? Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Iliporudi, simu zikapokea ujumbe wa polisi ukionya kuwa kusambaza picha za kuleta taharuki ni kosa. Hata hivyo video zilizopigwa na watu wa kawaida kwa simu zao ndizo vyombo vya habari vya kimataifa vilizichambua, mtaa kwa mtaa, kuonyesha risasi na maiti. Bila simu zile, tungebaki na taarifa za msemaji tu. Sasa unaelewa kwa nini swali ni "Una kibali?"

KUTOKA KIBAONI

Huku Kibaoni, Mpimbwe, lugha ya amri tunaijua. Hapa ni nyumbani kwa Mizengo Pinda, Waziri Mkuu wa 2008 hadi 2015. Ni mzee wetu na ninamheshimu. Lakini ni yeye aliyesimama Bungeni Juni 20, 2013 akasema wanaokaidi amri za vyombo vya dola wapigwe tu, maana Serikali imechoka. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Tanganyika walimfungulia kesi Mahakama Kuu, ikatupwa 2014. Kauli ya namna ile haifi bungeni. Hushuka mpaka kwa mgambo wa stendi, naye huitafsiri kwa kirungu.

Kijana wa huku akitaka kuwa mpiga picha anakutana na ngazi isiyo na mwisho. Filamu, kibali cha Bodi. Ndege nyuki, Mamlaka ya Usafiri wa Anga na Wizara ya Ulinzi. Hifadhi ya Katavi iliyo mlangoni pake, TANAPA. Kurusha mtandaoni, kanuni za 2018 zilimtaka mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni alipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 za kila mwaka, mpaka zilipopunguzwa baadaye. Uandishi wenyewe, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ikaleta ithibati, na kanuni zake za 2017 zikaweka stashahada kuwa kiwango cha chini. Sisi tulioishia sekondari tuandike wapi, ukutani? Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Wakajifanya viziwi.

WENZETU WANAFANYAJE?

New York ni jiji kubwa kuliko Dar, na limewahi kupigwa na magaidi. Hofu wanayo. Lakini ukiwa na kamera ya mkononi au ya miguu mitatu, hujafunga njia, hujaegesha malori ya vifaa, huhitaji kibali cha jiji. Ukitaka kuteka barabara na kuleta magari, hapo unaomba kibali na unaonyesha bima ya dhima ya dola milioni moja, ili ukimvunja mtu mguu alipwe. Wao wanauliza: nani ataumia, na nani atalipa? Sisi tunauliza: andiko linasema nini juu ya mkubwa?

Na usalama si mzaha. Oktoba 21, 2021, huko New Mexico, Marekani, mpiga picha wa filamu Halyna Hutchins aliuawa kazini na bastola ya maigizo iliyokuwa na risasi ya kweli. Hilo ndilo linalostahili sheria kali: silaha, moto, urefu, umeme, mwendo wa magari. Vijana wetu wanaigiza ujambazi mitaani, raia wanadhani ni kweli, mtu anaweza kupigwa mawe mpaka afe. Hapo ndipo tunamhitaji polisi asimame nasi, siyo baadaye kuja kuhesabu memori kadi.

TUNACHODAI

Kwanza, simu na kamera ndogo isiyofunga njia isiombewe kibali mahali popote pa umma. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Haikusema "ukiwa na karatasi".

Pili, orodha ya maeneo yaliyokatazwa ichapishwe, na kila eneo liwe na kibao. Pasipo na kibao, mlinzi anyamaze.

Tatu, kibali cha filamu kubwa kihusu usalama: barabara, silaha, moto, bima. Andiko ni la mwandishi. Ombi lijibiwe wilayani kwa muda maalumu, na ofisi ikikaa kimya, ukimya uhesabiwe ruhusa.

Nne, askari asifute picha wala kutwaa kamera kienyeji. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka anayetwaa mali ya mtu atoe risiti. Vijana, idaini hiyo risiti! Taja jina la kituo, andika namba ya askari, tafuta shahidi. Usikubali kufuta kitu, na usitoe hela ya maji, maana ukiitoa leo umemlipia mwenzako kipigo cha kesho.

Tano, kazi ya habari isipimwe kwa cheti. Mwongo mwenye shahada ni mwongo tu.

Chama tawala kimezoea kutuambia kuwa asiye na hatia haogopi. Sawa, tunawarudishia maneno yao. Kama barabara ni nzuri, kama hospitali zina dawa, kama kura zilihesabiwa sawasawa, kamera yangu inawaogopesha nini?

Wajibu. Na tutakuwa tunarekodi.