Nano siyo udogo tu, jamani

Waandishi wenzangu wakisikia "nano" wanakimbilia udogo: chembe ndogo kuliko unywele mara elfu, basi, habari imekwisha. Wanaacha utamu wenyewe. Polima inayotoa mwanga ni mnyororo mrefu wa molekuli, nao ukijikunja ndani ya chembe, mkunjo huo unabadili hata rangi ya mwanga. Utauonaje? Kwa spektroskopia. Mwaka 2000 kundi la Paul Barbara, Chuo Kikuu cha Texas, Austin, lilimulika mnyororo mmoja mmoja kwa leza, likizungusha mwelekeo wa mtikisiko wa mwanga. Mnyororo uliojisokota ovyo kama tambi ungeng'aa karibu sawasawa kila upande. Huu mng'ao ulipanda na kushuka! Yaani mnyororo umejipanga. Sasa anayetaja polima bila umbo lake katuambia nini?